Kinolewacho hupata: Yanayofichwa na kitenzi ‘noa’

Katika soko la Karatina, na hata kule Nyeri mjini na Nanyuki, utawasikia wateja wakimwambia fundi wa kunoa: “Hii kisu haikati, nitilie makali.” Mwalimu wa sarufi atawarekebisha upesi: kisu ni cha ngeli ya KI-VI, kwa hivyo ‘kisu hiki hakikati’. Sawa. Lakini hata sentensi hiyo sanifu imelipita neno zuri zaidi. Mswahili wa zamani angesema, “Kisu hiki hakipati.”

Kitenzi ‘pata’ hapa hakina maana ya kupokea kitu. Kisu kinachopata ni kisu kikali. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba kinolewacho hupata. Asiyeijua maana hii hudhani methali inaahidi tuzo kwa mwenye bidii. Kumbe msingi wake ni jiwe na chuma: kisu kikinolewa, hukata.

Itazame tena ‘kinolewacho’. Sauti /l/ imetoka wapi ilhali kitenzi ni ‘noa’? Ilikuwamo tangu hapo. Kiswahili kiliidondosha mwishoni mwa vitenzi kadhaa, nayo hujitokeza tunaponyambua: noa, nolea, zaa, zalia, kaa, kalia. Gĩkũyũ nacho kimeihifadhi kama /r/: noora, ciara, ikara. Kutokana na ‘noora’ tunapata ‘inooro’, yaani kinoo, jiwe la kunolea. Wengi wanaosikiliza redio ya Inooro kila asubuhi hawakumbuki kwamba wanasikiliza jiwe!

Lugha hizi mbili ni ndugu, lakini zimeyatazama makali kwa macho tofauti. Katika Kiswahili, kisu ni ‘kikali’ kama lilivyo jua, pilipili au mbwa. Yaani kina ukali. Katika Gĩkũyũ, kivumishi ‘ũgĩ’ hutumika kwa kisu kinachokata na pia kwa mtu mwerevu. Anayenoa kisu huko ni kana kwamba anakipa akili.

Na jamani, kunoa kwa mkono kunataka akili. Anayejifunza hulaza bapa la kisu juu ya kinoo kilicholoweshwa maji, kisha huinua mgongo wake kidogo, takribani nyuzi 15 hadi 20 kwa kisu cha jikoni. Panga la shambani huinuliwa zaidi. Husukuma bila kuibadilisha pembe hiyo. Hapo ndipo wanafunzi wengi hushindwa, kwa sababu mkono hupenda kuyumba. Akiendelea, uzi mwembamba wa chuma hujikunja upande wa pili wa makali. Hauonekani kwa urahisi, ila kidole gumba kikipitishwa taratibu kutoka kwenye bapa kwenda nje huuhisi ukikwaruza. Hiyo ni ishara ya kugeuza kisu. Mwisho, huhamia jiwe laini ili kuuondoa uzi huo.

Kumbe basi, ‘kutia makali’ ni usemi unaotupumbaza kidogo. Jiwe halitii chochote, linapunguza. Makali ni kile kinachosalia baada ya chuma cha ziada kuondoka.

Cherehe, gurudumu la kunolea linalozungushwa kwa miguu au umeme, hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. (Neno hili na ‘cherehani’ yana asili moja ya Kiajemi, ‘charkh’, yaani gurudumu.) Hata hivyo, likikaziwa mno, joto huondoa ugumu wa chuma: kisu hupata leo, kesho kutwa ni butu.

Magazeti yetu huandika kwamba kocha ‘anainoa’ timu fulani, nao walimu husema ‘wananoa bongo’. Ni matumizi mazuri, mradi tukumbuke kinachofanyika juu ya jiwe. Mtaala wa umilisi unawataka watoto wajifunze kwa kutenda. Basi mwalimu wa Kiswahili awapeleke kwa fundi wa kunoa, waulize jina la kila sehemu: bapa, makali, ncha, mgongo, mpini, kinoo. Waandike pia lile fundi asemalo kwa lugha ya mama. Msamiati wa kazi haupotei kwa kukosa kamusi. Hupotea mikono inapoacha kazi yenyewe. Na lugha isiyonolewa, msomaji wangu, haipati.