Wese la Mbono: Mpanda Ilishaucheza Huu Mchongo

Oya wanangu wa Mpanda! Kabla hamjashobokea video za watu wanaomimina mafuta ya chipsi kwenye ndinga, jueni huu mchongo ulishapita hapa kitaa. Katikati ya miaka ya 2000, Katavi ikiwa bado ndani ya Rukwa, kampuni ya PROKON yenye asili ya Ujerumani ilitia timu Mpanda. Ikasaini mikataba na maelfu ya wakulima: nyie limeni mbono, sisi tunanunua mbegu tukamue wese la injini.

Mbono wenyewe si mgeni. Wazee waliupanda kama uzio na makaburini, maana una sumu, mbuzi hagusi. Mbegu yake ina mafuta kama theluthi ya uzito wake. Basi stori zikavuma: mti wa ukame, hautaki mbolea, unatema mkwanja tu. Chai! Kuvumilia ukame siyo kuzaa. Ukiunyima maji na mbolea, unakupa mbegu kiduchu, halafu kuchuma ni kazi ya mkono mwanzo mwisho. Mkulima akipiga hesabu anaona heri mahindi au karanga. Kisarawe nako, kampuni ya mbono ya Sun Biofuels ikafunga kazi 2011. PROKON yenyewe kule Ujerumani ilitangaza kufilisika Januari 2014.

Tuje kwenye injini sasa. Mafuta ya mbegu bado si biodizeli. Ni mazito, ukiyatia mabichi kwenye Coaster, nozeli zinashindwa kupuliza vizuri na kaboni inajaa. Inabidi yachanganywe na methanoli na kostiki soda, glisirini ijitenge, kinachobaki kisafishwe. Msijaribu uani kwa bi mkubwa: methanoli inadaka moto chap, na ni sumu. Biodizeli iliyotengenezwa kwa viwango, ukiichanganya asilimia 5 kwenye dizeli, injini wala haishtuki, na moshi mweusi unapungua. Ukizidisha kwenye gari la kitambo, mipira ya mafuta inalainika na uchafu wa tenki unang'oka kwenda kuziba filta. Fundi atakula hela yako huku anacheka.

Wala wese la mbegu si usasa. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, injini ya Diesel ilizungushwa kwa mafuta ya karanga. Ndiyo, hizi hizi tunazotafuna stendi.

Kwa leo, usafi ulio karibu na wewe ni dizeli yenye salfa kidogo. Januari 2015, kiwango cha Afrika Mashariki kilianza kutaka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. EWURA, wadhibiti wa mafuta, nao walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010 kuwabana wachakachuaji waliokuwa wanachanganya mafuta ya taa. Sasa wewe ukinunua wese la madumu njia ya Sitalike kwa sababu lina punguzo, hayo yote umeyapiga chini mwenyewe. Jaza kituoni, dai risiti, badilisha filta kwa wakati.

Na jamaa mwingine akitua na mchongo wa wese la shambani, msimtimue. Mbaneni kwa maswali: kilo shilingi ngapi, kiwanda kiko wapi, mkataba miaka mingapi? Akijibu "tutaona mbele ya safari", wewe panda alizeti. Soko lake liko jikoni kwa mama yako, na halisubiri mwekezaji.