Kama Haikuandikwa, Haikufanyika: Nesi, Hivi Ndivyo Faili la Mgonjwa Linavyolinda Leseni Yako

Ni usiku wa baridi Matai, ule upepo wa Ufipa unapiga madirisha. Uko zamu peke yako wodi ya wazazi na tayari una akina mama watatu. Mara gari linaingia na mama mjamzito kutoka zahanati ya kijijini, upande wa kushukia Ziwa Tanganyika. Anashika kichwa, anasema haoni vizuri. Unampima presha, unakuta 170/110.

Unampigia simu daktari. Unaanza dawa. Unamwandaa kwa rufaa ya kwenda Sumbawanga. Huku mama mwingine anakuita, "Sista, mtoto anakuja!" Unakimbia mpaka kunakucha.

Asubuhi unakabidhi zamu. Kwenye faili la yule mama kuna mistari miwili tu: "Amepokelewa. Amepewa rufaa."

Miezi mitatu baadaye unaitwa ofisini. Ndugu wamelalamika. Unaulizwa: ulimpima saa ngapi? Dawa ulimpa kiasi gani? Ulimpigia nani, akakujibu nini? Wewe unajua ulifanya kila kitu. Tatizo ni kwamba faili halijui.

Huo ni mfano tu, lakini nesi yeyote aliyefanya kazi vituo vya mbali anaujua usiku wa namna hiyo. Hebu tuone nini cha kuandika, na kwa nini.

Leseni yako iko mikononi mwa nani?

Hapa Tanzania, wauguzi na wakunga wanasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, maarufu kama TNMC, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kugusa mgonjwa. Lazima uwe umesajiliwa na uwe na leseni hai. Baraza likipata malalamiko linaweza kuchunguza, na ukikutwa na kosa unaweza kupewa onyo, kusimamishwa, au kufutwa kabisa kwenye orodha.

Wengi wanachanganya hapa. Tukio moja linaweza kukupeleka sehemu tatu tofauti. Mwajiri wako anaweza kukuchukulia hatua za kinidhamu. Baraza linaweza kugusa leseni. Na ndugu wa mgonjwa wanaweza kwenda mahakamani. Kushinda sehemu moja si lazima uwe salama kwingine. Lakini kote huko kuna kitu kimoja kitakachowekwa mezani: faili la mgonjwa.

Unadhani ni vitisho? Marekani, jimbo la Tennessee, nesi RaDonda Vaught alimpa mgonjwa dawa isiyo sahihi mwaka 2017, na mgonjwa akafariki. Mwaka 2021 bodi ya wauguzi ya jimbo hilo ilimfutia leseni. Kati ya mashtaka aliyosomewa mbele ya bodi, moja lilihusu kutotunza kumbukumbu sahihi za mgonjwa. Mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani kwa jinai. Kosa kubwa lilikuwa dawa, ndiyo. Lakini kumbukumbu nayo ilihesabiwa kama kosa linalojitegemea.

1. Anza na saa, na iwe ya saa 24

Hili kwetu sisi Waswahili ni muhimu kuliko tunavyodhani. Ukiandika "dawa saa 2", nesi wa zamu inayofuata ataelewaje? Saa mbili asubuhi? Saa mbili usiku? Au 2 ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa nane? Mtu anaweza kupewa dozi mara mbili, au asipewe kabisa.

Andika 02:10, 14:30, 20:00. Weka tarehe kila siku inapobadilika, maana zamu ya usiku inavuka saa sita na tarehe inageuka. Ndugu wakikwambia "alianza kuumwa saa moja", waulize ni asubuhi au jioni, kisha wewe uigeuze kwenye saa 24 unapoandika.

2. Andika ulichokiona, sio ulichokihisi

"Mgonjwa anaendelea vizuri" ni sentensi inayopendwa sana wodini, na haisemi kitu. Vizuri kivipi? Andika presha, mapigo, joto, upumuaji, mkojo, damu inayotoka.

Maneno ya mgonjwa yaandike kama alivyosema, kwenye alama za kunukuu. Mama akisema "naona ukungu na kichwa kinapasuka", usifupishe kuwa "analalamika maumivu". Kichwa kuuma sana na kutoona vizuri kwa mjamzito mwenye presha ya juu ni dalili za hatari za kifafa cha mimba. Maneno yake ndiyo yanayoonyesha kwa nini ulichukua hatua haraka. Kama alizungumza Kifipa na kuna mtu alitafsiri, andika hivyo, na utaje aliyetafsiri ni nani kwake.

Chukua mfano wa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Kabla ya kurudia dozi unatakiwa uhakikishe mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo ni angalau mililita 30 kwa saa. Dawa ikizidi mwilini inaweza kusimamisha pumzi. Sasa kama uliangalia vitu vyote vitatu ila ukaandika tu "dozi imerudiwa", anayesoma ataamini hukuangalia. Na mwenzako wa zamu ijayo hatajua kama hali inashuka au la.

3. Ukimpigia daktari, simu yote iingie kwenye faili

Hapa ndipo manesi wengi wanaumia. Ulipiga, hakupokea, ukapiga tena, na hakuna popote ulipoandika.

Andika hivi: "02:10 nimempigia daktari wa zamu, hakupokea. 02:15 nimepiga tena, hakupokea. 02:18 nimempigia mganga mfawidhi, nimemweleza presha 170/110 na maumivu ya kichwa. Ameagiza dawa ianze na rufaa iandaliwe. 03:05 daktari amefika." Weka jina na cheo cha kila uliyempigia. Agizo la dawa likija kwa simu, lirudie kwa sauti kabla hujakata, liandike kuwa ni agizo la simu, na akifika aweke sahihi yake.

Usiandike "daktari mzembe". Matusi na lawama kwenye faili vinakugeukia wewe. Andika saa tu, zinajieleza zenyewe.

Majirani zetu Uganda wana kesi inayofundisha. Mei 2011 mama mmoja alifariki katika Hospitali ya Nakaseke kwa uzazi pingamizi, daktari wa zamu akiwa hakupatikana kwa saa nyingi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliiona mamlaka ya wilaya kuwa na wajibu na ikaamuru familia ilipwe shilingi milioni 35 za Uganda. Kwenye mashauri ya aina hii swali kubwa ni la saa: nani aliitwa, lini, na alifika lini? Nesi aliyeandika ana jibu. Asiyeandika anabaki kuapa.

4. Hakikisha ni mgonjwa sahihi

Mwanzoni mwa 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ilifanya upasuaji wa kichwa kwa mgonjwa asiyehusika baada ya utambulisho wa wagonjwa wawili kuchanganywa. Madaktari waligundua wakiwa ndani ya upasuaji, walipokosa damu iliyoganda waliyokuwa wanaitafuta. Waliosimamishwa kazi walikuwemo nesi wa wodi na nesi aliyempokea mgonjwa chumba cha upasuaji.

Kwetu Rukwa ni rahisi kukuta wagonjwa wawili wa ukoo mmoja wodi moja, wote Sikazwe au wote Simfukwe, na pengine jina la kwanza linafanana pia. Usiite jina ukasubiri mtu aitike. Mgonjwa mwenye homa au usingizi anaitika jina lolote. Muulize, "Mama, jina lako kamili ni nani?" Linganisha na umri, kijiji na namba ya faili. Na kila karatasi iwe na jina na namba, maana karatasi ikichomoka inakuwa ya mtu yeyote.

5. Patografu haijazwi baada ya mtoto kuzaliwa

Tuambiane ukweli. Kuna tabia ya kujaza patografu mwishoni, mama akishajifungua, ili faili lionekane zuri. Usifanye.

Patografu ya kawaida inataka mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, uchungu kila nusu saa, presha na njia kila saa nne. Kazi yake ni kukushtua mapema mama akichelewa, ili rufaa ianze wakati bado kuna muda. Kutoka Kalambo kwenda Sumbawanga kuna safari ya barabara, na kutafuta gari nako kunachukua muda. Patografu iliyojazwa baadaye haimwokoi mtu.

Tena inakusaliti. Mistari yote imenyooka, wino mmoja, mwandiko wa mkupuo mmoja, na saa zinagongana na kitabu cha MTUHA cha wodi ya wazazi. Ukishakutwa umetunga saa moja, hakuna atakayeamini saa zako nyingine, hata zile za kweli.

6. Umekosea kuandika? Rekebisha bila kuficha

Piga mstari mmoja juu ya kosa, maneno ya chini yaendelee kusomeka. Andika sahihi yake pembeni, weka saa, jina na saini. Usipake wino mweupe wa kufutia. Usichane karatasi.

Umesahau kuandika wakati ule? Inaruhusiwa kuandika baadaye, ila sema hivyo: "05:40, maandishi ya kuchelewa. Saa 02:20 nilimpa mgonjwa..." Maandishi ya kuchelewa yaliyokiri kuchelewa yana heshima. Yaliyojifanya ya wakati ule ni kughushi.

Vivyo hivyo kwa dawa. Usiandike imetolewa kabla hujaitoa. Usiweke saini kwa niaba ya mwenzako, hata akiwa rafiki wa damu. Na kama umekosea dawa yenyewe, kwanza mhudumie mgonjwa, mwite daktari, kisha andika kilichotokea na umjulishe mfawidhi siku hiyohiyo.

7. Mgonjwa akikataa, andika kukataa kwake

Inatokea sana. Mama anaambiwa rufaa, anajibu, "Mpaka baba watoto arudi." Usiandike "amekataa" ukaishia hapo. Andika ulimweleza hatari gani, kwa lugha gani, alijibu nini, nani alikuwepo, na ulirudi kumshauri tena saa ngapi. Inaonyesha hukumtelekeza.

8. Kompyuta na simu nazo zinakumbuka

Vituo vinavyotumia mfumo wa GoTHOMIS vina jambo moja la kuzingatia: kinachoingizwa kwa akaunti yako kinahesabika ni chako. Ukimwachia mwenzako nywila "aingize haraka haraka", umempa saini yako. Ukimaliza, toka kwenye akaunti.

Na ile tabia ya kupiga picha faili au kidonda na kurusha kwenye grupu la WhatsApp? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti. Picha ikishatoka kwenye simu yako huirudishi.

Sasa nitaandika saa ngapi na wagonjwa wote hawa?

Swali la haki kabisa. Nesi mmoja na wodi nzima, kalamu inakuwa mzigo. Usiku ukikuelemea, linda vitu vitano kwanza: saa, vipimo, ulichofanya, uliyemwita, na mgonjwa aliitikiaje. Beba karatasi ndogo mfukoni uandike saa na namba papo hapo, kisha uhamishie kwenye faili ukipata dakika tano. Karatasi hiyo usiende nayo nyumbani.

Na kama upungufu wa watumishi au vifaa ni wa kila siku, mwandikie mfawidhi barua na ubaki na nakala. Malalamiko ya chumba cha chai hayana tarehe. Barua inayo.

Mwisho, tusisahau faili ni la nani. Kabla ya Baraza, kabla ya wakili, msomaji wa kwanza wa maandishi yako ni nesi wa Sumbawanga anayempokea yule mama saa kumi na moja alfajiri, akiwa hamjui na mama mwenyewe hawezi tena kuongea. Akikuta saa, presha na dozi vimeandikwa, anajua aanzie wapi. Ukimwandikia yeye vizuri, leseni yako nayo umeilinda.