Tiketi ya Mkutano wa Dini na Sadaka za Watu

Kijana mmoja aliyepata kusoma chuoni kwetu, na ambaye sasa yuko Toronto, nchi ya Kanada, kwa masomo ya juu, ameniletea suala ambalo naona lafaa kujibiwa mbele ya watu wote, kwani si lake peke yake. Yeye na wenziwe wanakusanya fedha za kuchimba kisima katika kijiji kimoja cha bara ya Kwale, mahali ambapo wanawake huamka alfajiri kwenda kutafuta maji. Mmoja wao alikuwa na tiketi ya kuingilia mkutano mkubwa wa dini. Akasema kuwa aitoa tiketi hiyo kwa ajili ya kisima: kila atakayetoa dola 20 jina lake litaandikwa, na siku ya mwisho litachotwa jina moja, na mwenye jina hilo ndiye atakayekwenda mkutanoni. Baadhi yao wakafurahi. Wengine wakasema kwamba hiyo ni kamari, ila imevishwa kanzu. Wakagawanyika makundi mawili, na fedha za kisima zikasimama pale pale.

Msomaji wa huku pwani pengine atastaajabu kwanza kwa jambo jingine: yawaje mtu kukata tiketi ili awasikilize wanachuoni? Sisi tumezoea darasa la msikitini lisilo na mlinzi mlangoni, na Maulidi ya Lamu kwenye msikiti wa Riyadha, ambako mgeni huingia, akakaa, akala, wala haulizwi amelipa nini. Walakini tusiwahukumu wenzetu kwa desturi zetu. Waislamu wa Amerika ya Kaskazini wametawanyika katika miji iliyo mbali mbali, na mikutano hii ndiyo inayowakutanisha mara moja kwa mwaka. Huko huko Toronto upo mkutano uitwao Reviving the Islamic Spirit, ulioanzishwa na vijana mwaka 2003, baada ya Waislamu wa nchi zile kupatwa na dhiki kwa sababu ya mambo ya tarehe 11 Septemba 2001. Ukumbi hukodiwa, wanachuoni huletwa kwa ndege kutoka nchi za mbali, na gharama hizo hazina budi kulipwa na mtu. Basi tiketi ni bei ya kiti na ya ukumbi. Elimu yenyewe haina bei. Na kwa mwanafunzi asiye na kazi, kiti hicho ni kitu cha thamani kubwa.

Sasa turudi kwenye suala. Neno linalowagawa vijana hawa ni maysir, yaani kamari, ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja pamoja na ulevi katika Suratul Baqara, aya ya 219, kisha akaikataza kabisa katika Suratul Maida, aya ya 90. Wengi wetu tukisikia kamari twafikiri karata, na kijana aliyepoteza mshahara wake kwa kubashiri mpira. Lakini ni vyema tuitazame kamari waliyokuwa wakiicheza Waarabu wenyewe zama za ujahili, kwa sababu ndiyo iliyoteremshiwa aya.

Walikuwa wakimchinja ngamia na kumgawa mafungu. Kisha huleta mishale kumi isiyo na vyembe. Saba kati yake ilikuwa na hisa, wa kwanza hisa moja, wa pili mbili, hivyo hivyo mpaka wa saba uliokuwa na hisa saba. Na mitatu ilikuwa mitupu. Mishale hutiwa mfukoni, ikatikiswa, na kila mchezaji hutolewa wake. Aliyetokewa na mshale wenye hisa hupata nyama, na aliyetokewa na mtupu hukosa nyama na tena hutozwa bei ya ngamia. Ajabu iliyopo, ndugu msomaji, ni hii: wenye kushinda hawakuwa wakiila nyama ile. Wafasiri, akiwamo Zamakhshari, wametueleza kwamba walikuwa wakiwapa mafakiri, wakijifakhari kwa ukarimu wao, na wakimtukana kwa ubakhili yule asiyeingia mchezoni. Yaani kamari yao ilikuwa ni changizo la maskini! Wakati wa baridi na ukame, wenye njaa walishiba kwa mishale ile. Na ndiyo maana baadhi ya wafasiri wakasema kwamba manufaa kwa watu yaliyotajwa katika aya ya Baqara, pamoja na kusemwa kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi, ndiyo manufaa haya.

Kwa hivyo yule anayesema kwamba si kamari madhali fedha zaenda kwa maskini, hoja yake imekwisha kujibiwa zamani. Nyama ya ngamia ilikwenda kwa maskini, na mchezo ukaharimishwa vile vile.

Je, kosa basi ni kule kuchota majina? La. Kupiga kura (sisemi kura ya uchaguzi, nasema ile ya kubahatisha jina) hakukukatazwa kwenyewe. Twasoma katika Suratu Al Imran, aya ya 44, jinsi walivyotupa kalamu zao ili ijulikane nani atamlea Bibi Maryam. Na Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, amesimulia katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na aliyetokewa ndiye aliyefuatana naye. Hapa hakuna aliyelipa ili apate, wala hakuna aliyekosa kitu alichokitoa. Watu wana haki sawa, kitu ni kimoja, na kura huondoa kinyongo. Kinachoigeuza kura kuwa kamari ni ile fedha iliyowekwa kwa tamaa ya kupata, huku wengine wakitoka mikono mitupu.

Nilipomjibu hivyo, kijana wetu hakunyamaza, nami nilifurahi, kwani mwanafunzi asiyeuliza hajasoma. Aliniandikia kwamba katika kamari zawadi hutoka katika fedha za wachezaji, na tiketi hii haikununuliwa kwa fedha zao. Ni hiba ya mtu mmoja, na zile dola 20 zote zaenda kisimani. Hili si neno la kupuuzwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilipokutana Doha mwaka 2003 liliamua kwamba kadi za mashindano ambazo bei yake yote au sehemu yake huingia katika zawadi hazifai, kwa kuwa ni namna ya kamari. Tiketi ya mwenziwe haimo ndani ya maneno hayo hasa. Na mwenye kutoa dola 20 kwa nia ya sadaka tupu, ambaye angetoa hata kama hakuna tiketi, huyo mimi siwezi kumwita mcheza kamari.

Lakini nyoyo za watu hatuzioni. Tunachokiona ni sharti lililowekwa: lipa, ndipo jina lako liandikwe. Na asiyelipa hana nafasi. Hapo yupo mtu atakayetoa dola 20 kwa tamaa ya tiketi ya dola 60, na yupo atakayetoa mara tatu ili majina yake yawe matatu. Huyu wa pili ananunua nini? Kisima au bahati? Kipimo nilichompa kijana ni chepesi: baada ya jina kuchotwa, sikilizeni watu wasemavyo. Akitokea hata mmoja akasema kuwa ametoa dola 20 zake bure, basi jambo lilikuwa limekwisha kuharibika tangu mwanzo, kwani mwenye kutoa sadaka hawezi kusema ametoa bure. Na Mtume (s.a.w.) ametuusia tuliache linalotutia shaka tulifuate lisilotutia shaka.

Wako waliopendekeza kwamba tiketi apewe yule atakayetoa zaidi kuliko wote. Hiyo si kamari, kwani hakuna kubahatisha. Yakaribia kuwa mnada, na mnada ni halali. Sisi nasi katika harambee zetu tumezoea kuona kuku mmoja akiuzwa mara nne, kila anayemnunua akimrudisha ili anadiwe tena. Walakini sikupenda njia hiyo kwa vijana hawa. Mwenye mali ndiye atakayeipata tiketi, na yeye ana uwezo wa kujinunulia ya kwake. Tena itaonekana kana kwamba wingi wa fedha ndio ubora wa sadaka. Na hali tunayo hadithi aliyoipokea Nasai, kwamba dirhamu moja iliweza kuzipita dirhamu laki moja: mtu alikuwa na dirhamu mbili tu, akatoa moja, yaani nusu ya alichonacho, na mwingine akachota laki moja pembeni mwa mali nyingi, akaitoa. Mwanafunzi atakayeacha chakula chake cha mchana atoe dola 5 asifanywe kuwa wa mwisho mbele ya wenziwe.

Kuhusu malipo ya Mwenyezi Mungu, wameniuliza kama mtu akitoa sadaka na pamoja na hayo akatamani zawadi, je, thawabu zake zimepotea? Sisemi zimepotea. Mwenyezi Mungu ameruhusu biashara katika safari ya Hija, kama ilivyo katika Baqara, aya ya 198, wala haikusemwa kwamba Hija ya mfanyabiashara imebatilika. Lakini tazama pia hadithi aliyoipokea Imamu Muslim juu ya wapiganaji: wakipata ngawira huwa wameharakishiwa theluthi mbili za ujira wao hapa duniani, na wakirudi bila kitu ujira wao hutimia huko Akhera. Nawaachia vijana wafanye hesabu wenyewe, kwani hesabu waijua kuliko mimi.

Basi watu wahimizweje? Maana kuhimiza si vibaya. Jarir bin Abdillahi amesimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba siku moja asubuhi walikuja kwa Mtume (s.a.w.) watu wengi wao wakiwa wa kabila la Mudhar, hawana viatu, wamejifunika vitambaa vya sufi vilivyotobolewa. Uso wa Mtume ukabadilika kwa kuiona dhiki yao. Akaingia ndani, akatoka, akamwamrisha Bilali aadhini, wakasali, kisha akawahutubia watu watoe: mwenye dinari, mwenye dirhamu, mwenye nguo, mwenye pishi ya ngano au ya tende, hata nusu ya tende. Wakanyamaza. Ndipo Ansari mmoja akaja na mfuko ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba, bali ulikwisha kushindwa. Watu wakafuatana, mpaka pakawa na marundo mawili, la vyakula na la nguo, na uso wa Mtume ukang'ara kwa furaha. Hapo ndipo aliposema juu ya mwenye kuanzisha mwendo mwema katika Uislamu, kwamba ana ujira wake na mfano wa ujira wa watakaomfuata.

Hapo palikuwa na mambo mawili: watu walioneshwa dhiki kwa macho yao, na mtu mmoja akatangulia. Nadhani kijana mwenye tiketi amekwisha kutangulia bila ya kujua. Nilimwandikia hivi: auze tiketi yake kwa bei yake, na fedha zote azitie katika kisima, awaambie wenziwe kwamba yeye ameikosa safari yake kwa ajili ya maji ya Kwale. Hiyo ni njia iliyo safi kuliko zote. Na kama hapendi kuiuza, basi ampe mwanafunzi asiyeweza kununua. Wakiwa wengi wenye haja, waandike majina yao bila ya kulipa hata senti moja, aliyetoa na asiyetoa sawasawa, kisha wapige kura. Na sanduku la kisima liwekwe pale pale kwenye meza, mwenye kutaka atie. Yule asiyetia asitazamwe kwa jicho baya.

Yamebaki mambo madogo ambayo yasipoangaliwa huleta fitina kubwa. Kwanza waisome tiketi yenyewe. Baadhi ya mikutano huandika jina la mnunuzi wala haikubali mtu mwingine aingie nayo, na Waislamu wafungwa na masharti waliyoyakubali. Basi wawaulize wenye mkutano kabla ya kutangaza lolote. Pili, Zaka isiingie katika sanduku hili kwa kudhaniwa kuwa ni sadaka moja na nyingine. Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Suratu Tawba, aya ya 60, na wanachuoni wengi hawaoni kuwa kisima cha watu wote ni mmoja wao. Anayetaka kutoa Zaka amwambie mweka hazina, naye aipokee mbali, kwa karatasi yake, iende kwa mafakiri wa kijiji hicho hicho mkononi mwao. Tatu, kijana aliniuliza kama yafaa kukata nauli ya mtu wa kwenda kuangalia uchimbaji kutoka katika fedha zilizochangwa. Yafaa ikiwa waliotoa waliambiwa kabla. Ikiwa hawakuambiwa, nauli na itafutwe mahali pengine, na dola 20 ya kisima ifike kisimani ikiwa dola 20.