Harufu ya Kuungua Garini: Simama Kwanza



Wengi wetu mashambani hatuna gari, lakini kila siku twapanda gari. Lori ndilo linalotupeleka kazini asubuhi na kuturudisha jioni. Kwa hiyo habari ya lori bovu si ya dereva peke yake.

Mwaka 2019 sisi wa chama tulitoka kwenye mkutano wa tawi katika shamba moja la chai upande wa Toro, magharibi ya Uganda. Tulipanda lori dogo la shamba pamoja na wachumaji zaidi ya ishirini na magunia ya majani mabichi. Dereva alikuwa mzee mtulivu, na nyapara alikaa naye mbele. Tulikuwa tunakaribia mteremko mrefu ambao mwisho wake ni daraja.

Kabla ya kuufikia, akina mama waliokaa upande wa kushoto wakaziba pua. Ilikuwa harufu kali ya kuungua, ya kuwasha koo. Tanboi akagonga paa. Dereva naye alikwisha ona kwamba usukani unavuta kushoto na lori limekuwa zito, ingawa njia ilikuwa tambarare. Nyapara akasema, "Mzee, endesha tu. Majani yatapata moto, kiwanda kitayakataa."

Hilo la majani ni kweli. Yakikaa yamebanwa guniani hupata joto na kuwa mekundu. Lakini mzee akamjibu, "Mwanangu, majani yatachumwa tena kesho." Akapunguza mwendo kwa gia, akasimama.

Tukashuka wote. Tanboi akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, maana breki iliyopata moto si ya kuaminiwa. Mzee akapitisha mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. La mbele kushoto lilitoa joto kama jiko la mkaa. Kijana mmoja akaleta maji, mzee akamkataza: chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi chaweza kupasuka.

Lilipopoa, akaliinua kwa jeki. Halikuzunguka kwa mkono. Akalegeza ile skrubu ndogo ya kutolea hewa ya breki. Mafuta yakaruka, na gurudumu likazunguka. Hapo akajua kasoro. Mpira unaopitisha mafuta ya breki ulikuwa umezeeka na kuvimba kwa ndani. Ukikanyaga pedali, mafuta hupita kwa nguvu, ukiiachia, hayarudi. Breki hubaki imebana, ikijisaga njia nzima.

Tungaliteremka hivyo, joto lingaliweza kuchemsha mafuta ya breki, na pedali ingalizama bila kushika kitu. Mzee alikataa kupakia watu tena. Tulitembea kwa miguu mpaka kambini. Kesho yake fundi akafunga mipira mipya pande zote mbili za mbele, akakagua lainingi, akabadili mafuta na kutoa hewa.

Si kila harufu ni ya breki. Madereva na tanboi wazijue hizi:

Harufu ya mpira: zima injini, fungua boneti, tazama mkanda wa feni. Ukilegea huteleza na kuungua. Kazeni au badilisheni.

Harufu kama ya breki, lakini inakuja wakati wa kupanda mlima na mzigo, injini inalia na gari haliendi: hiyo ni klachi. Dereva asipumzishe mguu juu ya pedali yake.

Harufu ya oili na moshi chini ya boneti: oili inadondokea bomba la moshi lenye moto. Tafuteni inakotoka, msifute tu.

Harufu ya plastiki: ni waya. Zima injini na ufungue betri upesi. Fyuzi ikikatika, usitie kipande cha waya mahali pake. Fyuzi huungua ili gari lisiungue.

Ukiona ndimi za moto, shusha watu kwanza, wakae mbali. Mambo mengine baadaye.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwisho wa mwezi mzee alikatwa mshahara wa nusu siku, kwa kosa la "kuchelewesha majani". Katibu wa tawi hakwenda kwa meneja na maneno matupu. Alikwenda na ule mpira wa zamani, akaupasua kwa kisu juu ya meza. Tundu lake lilikuwa karibu limezibika. Meneja aliutazama kwa muda. Nusu siku ikarudishwa, na tukakubaliana liwepo daftari la magari, dereva aandike kasoro na fundi atie sahihi.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejitoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, alindwe asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliuweka miongoni mwa mikataba yake ya msingi. Basi dereva anayesimamisha lori hakuwa mvivu wala mkaidi. Amefanya kazi yake.

Tawi lenu lina daftari la magari? Kama halina, liombeni katika mkutano ujao. Na wewe uliyeketi nyuma juu ya magunia, ukisikia harufu, usinyamaze. Gonga paa.