Maji ya Chumvi na Kinu cha Dhahabu

Mtu aliyepata kufua nguo kwa maji ya kisima chenye chumvi ajua taabu yake: sabuni hulika upesi, povu halitoki, na nguo hazitakati. Kosa si la sabuni. Chumvi zilizomo majini huishika sabuni kabla haijaanza kazi. Jambo la namna hiyo huwapata pia wenye vinu vya dhahabu, lakini wao huweza kupoteza mali nyingi, na hata maisha ya watu.

Dhahabu nyingi imo ndani ya mawe kwa chembe ndogo zisizoonekana. Mawe husagwa hata yakawa unga, kisha unga huo huchanganywa na maji na dawa kali iitwayo sayanaidi. Dawa hii, ikisaidiwa na oksijeni, huiyeyusha dhahabu ikaingia majini, nayo hunaswa kwa mkaa.

Sayanaidi ni sumu ya kuua. Hutulia majini iwapo tu maji yametiwa chokaa ya kutosha. Kipimo chake huitwa pH: maji yaliyo safi kabisa huwa 7, na wenye vinu hutaka kipimo kipite 10. Kikishuka hata 9.2 hivi, karibu nusu ya sayanaidi hugeuka hali, ikawa tayari kupaa hewani kama mvuke. Hapo hasara ni mbili: dawa ya thamani hupotea, na wafanyakazi walio karibu na matangi waweza kuvuta sumu.

Mfano mzuri ni Kalgoorlie, katika Australia ya Magharibi, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1893. Nchi ile ni kavu. Maji matamu huletwa kwa bomba la kilometa 560 hivi, lililofunguliwa mwaka 1903. Kwa kuwa maji hayo ni adimu, vinu vingi vya upande ule hutumia maji ya chini ya ardhi. Chumvi yake huweza kuzidi gramu 100 katika lita moja, hali maji ya bahari yana gramu 35 hivi. Katika chumvi hiyo mna magnesiamu, nayo huila chokaa. Mwenye kinu huongeza chokaa, akaongeza tena, lakini kipimo hukwama karibu na 9. Tena maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji matamu. Kwa hiyo mafundi hupima maji kila mara, hupuliza hewa ndani ya matangi, na huweka vyombo vya kuonya mvuke wa sumu ukitokea.

Huku kwetu, katika sehemu kama Migori, wako pia watumiao sayanaidi. Maji yao si ya chumvi kama yale, lakini maji yaliyotuama katika mashimo ya zamani pengine huwa na asidi, nayo huleta hatari ile ile. Basi yafaa maji yapimwe kwanza, chokaa itiwe kwanza, na kipimo kihakikishwe kabla ya sayanaidi kuguswa. Maji yaweza kuonekana maangavu machoni, na huku yana madhara makubwa.