Faragha Yako Imo Pia Mikononi mwa Wenzako

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitangaza faini kwa taasisi tatu. Shule ya Roma, Uthiru, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, ilitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine, kisha kuwaandama wenyewe kwa simu na jumbe za vitisho.

Katika mikasa yote mitatu, aliyeumia siye aliyebonyeza. Nasi bado tunaamini kwamba faragha ni jambo la mtu na nywila yake.

Wapo wanaosema, “Akaunti yangu nimeifunga, wanaoniona ni marafiki tu.” Sakata la mwaka 2018 la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa iliyopata data za watumiaji wa Facebook, lilionyesha udhaifu wa kinga hiyo. Watu wapatao 270,000 walijiunga na programu ya maswali ya haiba kwenye Facebook. Programu ikachota taarifa zao na za marafiki zao, hata Facebook yenyewe ikakadiria kuwa walioguswa huenda walifika milioni 87. Wengi wao hawakuwahi kuifungua programu hiyo.

Wengine hutegemea WhatsApp kwa sababu tangu 2016 jumbe zake husafiri zikiwa zimefungwa kwa msimbo, zisisomeke njiani. Ni kweli, na ni kinga ya maana. Lakini msimbo unaishia kwenye simu ya mpokeaji. Akipiga skrinshoti akaipeleka kwingine, msimbo huo hauwezi kumzuia. Stetasi nayo hutoweka baada ya saa 24, ila nakala aliyoihifadhi mtu haitoweki.

Imani inayonisikitisha zaidi ni ile ya “mimi sina cha kuficha.” Huenda huna. Lakini simu yako imebeba namba ya dada aliyemkimbia mume mkatili, na picha za mtoto wa jirani akiwa na sare ya shule. Katika makundi ya michango ya matibabu tunasambaza picha ya mgonjwa akiwa kitandani, pamoja na cheti chenye jina na maradhi yake. Nia ni njema kabisa. Hata hivyo, mgonjwa akipona atakuta ugonjwa wake unajulikana na watu asiowajua, akiwemo pengine mwajiri wake.

Sheria za ulinzi wa data tunazo. Kenya ilitunga yake mwaka 2019; ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Lakini kwa kawaida sheria hufika picha ikiwa imeshasambaa.

Kwa hiyo tuanzie kwenye adabu tunayoifahamu: kubisha hodi. Muulize mgonjwa, au ndugu yake wa karibu, kabla ya kuchapisha. Ficha jina la shule ya mtoto. Programu ya mkopo ikitaka orodha ya namba zako zote, ikatalie, kwa kuwa namba hizo ni amana za wenyewe. Aliyekuamini na siri yake hakukupa ruhusa ya kuigawa.