Mimea ya Kuliwa katika Misitu ya Tshopo na Sumu Zake

Msitu wa mvua unaoizunguka Kisangani, mji mkuu wa mkoa wa Tshopo nchini Kongo, huwapa wakazi wa mji na wa vijiji vya jirani chakula kingi kisichopandwa na mtu: majani ya fumbwa, viazi vikuu vya mwitu, njugu za kaso, gome la mti wa bofili linalotiwa mchuzini kwa harufu yake ya kitunguu saumu, mabungo, na uyoga unaochipuka juu ya vichuguu baada ya mvua. Kuchuma vyakula hivyo ni kazi ya maarifa kabla ya kuwa kazi ya mikono, kwa sababu mmea wa mwituni hauwi chakula kwa kujulikana jina lake tu. Huwa chakula pale mchumaji anapojua pia sehemu yake inayoliwa, wakati wake wa kuchumwa, na hasa namna ya kuutayarisha, na lolote kati ya hayo likikosekana, mmea uleule ulioshibisha nyumba moja unaweza kuiua nyumba ya pili.

Jina lina udhaifu wake katika mji kama Kisangani, ambako Kiswahili na Kilingala vinazungumzwa ubavuni mwa Kilokele, Kikumu, Kimbole na Kiturumbu, na ambako mmea mmoja huweza kuwa na majina matano huku jina moja likitumiwa kwa mimea miwili isiyo na udugu. Ndiyo maana wataalamu wa etnobotania, yaani taaluma inayochunguza jinsi watu wanavyoijua na kuitumia mimea, hawaridhiki na jina la kienyeji mpaka walilinganishe na kielelezo, ambacho ni tawi lenye majani, na ikiwezekana maua au matunda, lililokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu pamoja na maelezo ya mahali lilipokatwa. Vielelezo vya aina hiyo vimehifadhiwa kwa wingi Yangambi, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani kwa kuufuata mto Kongo kuelekea magharibi, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa na INEAC, taasisi ya kilimo ya enzi za Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1933, na ambacho leo kiko chini ya INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo.

Viazi vikuu vya mwitu ndio mfano unaostahili kuangaliwa kwa karibu kuliko yote. Aina inayotafutwa sana msituni, ambayo wataalamu huiita Dioscorea praehensilis, ina majani mazima yenye umbo la moyo, shina lenye miiba karibu na ardhi, na kiazi kilichokingwa na mizizi migumu yenye miiba, hivyo mchimbaji hulazimika kuikata mizizi hiyo kabla hajakifikia chakula chenyewe. Jamaa yake, Dioscorea dumetorum, hutofautiana nayo kwa jambo ambalo hata mtoto anaweza kufundishwa: kila jani lake limegawanyika vipande vitatu vinavyokutana kwenye kikonyo kimoja. Kiazi cha aina hiyo ya pili, kikiwa cha mwituni, kina dihidrodioskorini, ambayo ni alkaloidi, yaani moja ya kemikali chungu zenye naitrojeni zinazotengenezwa na mimea, na ambayo huvuruga mfumo wa neva hata kuleta degedege. Aina ya tatu, Dioscorea bulbifera, huzaa vijiazi hewani, kwenye makutano ya jani na shina, na kwa kuwa majani yake nayo ni mazima na yana umbo la moyo, kuhesabu vipande vya jani hakutoshi kuitenga na ile ya kwanza. Hapo mchumaji makini hulitazama shina: praehensilis hujizungusha kwenye mti kuelekea kulia, kama wataalamu wa mimea wanavyohesabu, ilhali hizo nyingine mbili huelekea kushoto. Anayefika msituni baada ya majani kunyauka, akakuta kamba kavu tu, amekosa alama karibu zote, na kwake ni heri kukiacha kiazi ardhini.

Hata hivyo, dumetorum si adui kwa kila mtu. Alkaloidi hiyo huyeyuka majini, na jamii nyingi za Afrika zimekula kiazi hicho wakati wa njaa kwa kukimenya, kukikata vipande vyembamba na kukiloweka siku kadhaa katika maji yanayobadilishwa au yanayotiririka, kisha kukipika. Kukichemsha mara moja hakutoshi.

Gharama ya kujua jina bila kujua matayarisho ilionekana waziwazi katika ardhi hiyohiyo ya Tshopo. Tarehe 28 Juni 1887 msafiri mvumbuzi Henry Morton Stanley aliondoka kambi ya Yambuya, kando ya mto Aruwimi, akielekea kumtafuta Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, akaacha nyuma kikosi ambacho sehemu kubwa yake ilikuwa wapagazi Waswahili walioajiriwa Unguja. Chakula chao kikuu kilikuwa muhogo wa mashamba ya jirani. Stanley aliporejea Agosti 1888 akawakuta Banalia, wengi walikuwa wamekufa na waliobaki wamekonda vibaya, na yeye mwenyewe alililaumu, pamoja na mambo mengine, kosa la kuula muhogo mchungu bila kuuloweka. Muhogo ni zao la shambani, lakini mkasa huo ni wa kila mchumaji. Watu hao hawakuwa wageni wa muhogo, kwani pwani na visiwani muhogo mtamu huchemshwa na kuliwa siku ileile, na hata hutafunwa mbichi. Walilijua jina, waliutambua mti na jani lake, wakakosa maarifa ya mahali walipokuwa.

Sababu ya kikemia ni hii: muhogo una linamarini, kiini kilicho salama mpaka chembe za mmea zinapovunjika na kukikutanisha na kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, na hapo hutoka sayanidi. Kutwanga majani ya muhogo, yaani pondu, na kuvundika mizizi majini kwa siku tatu au nne hufanya kwa makusudi kile ambacho vinginevyo kingetokea tumboni, na sayanidi hiyo huondoka na maji au hupotea hewani. Hatua hizo zikikatizwa kwa wiki nyingi mfululizo, hasa mahali ambapo watu hawapati protini ya kutosha, huzuka konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na moja kwa moja, ambao daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, na ambao huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Konzo yenyewe, inayozuka baada ya wiki nyingi za kula, inatosha kuonyesha ubovu wa ushauri unaorudiwa mara kwa mara, kwamba mtu aweke kipande cha mmea asioujua ulimini, asubiri kidogo, kisha ale. Sumu nyingine haziwashi wala hazichomi. Uyoga wa jamii ya Amanita wenye sumu kali huweza kuwa na ladha nzuri, na dalili zake za kwanza, kutapika na kuharisha, huanza baada ya saa 6 hadi 24, wakati ini limekwisha kuanza kuharibika. Kibaya zaidi, mgonjwa huweza kupata nafuu ya uongo kwa siku moja kabla ya kuzidiwa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kumfuata nyani au mbega nako ni kosa, kwa kuwa tumbo la mbega lina vyumba vyenye vijidudu vinavyosaga majani ambayo binadamu hayawezi.

Kanuni fupifupi nyingine nazo huvunjika zinapofika msituni. Husemwa kwamba mmea wenye utomvu mweupe uepukwe, na kwa mgeni huo ni ushauri mwema, lakini mabungo matamu yanatoka kwenye mimea itambaayo yenye utomvu huohuo. Gome ni gumu zaidi kulitambua kuliko jani: bofili hujulikana kwa harufu yake, ila katika misitu hiyohiyo umo mwavi, Erythrophleum suaveolens, ambao gome lake lilinyweshwa watuhumiwa katika viapo vya kale na huusimamisha moyo. Fumbwa nayo hutambulika vizuri ikiwa majani yake mazima, yanayoota mawili mawili yakielekeana, bado yako kwenye kamba. Ikishakatwakatwa nyembamba kwa ajili ya chungu, hakuna jicho linaloweza kuapa kwamba ndiyo yenyewe. Mnunuzi asiyemjua muuzaji afadhali anunue majani mazima. Uchumaji wa kung'oa kamba nzima badala ya kuchuma majani hudhuru mara mbili, kwa sababu fumbwa ikiadimika karibu na mji, mwenye haraka hujaribiwa kuchukua jani linalofanana nayo.

Kwa hiyo mwalimu wa kwanza ni mama au mzee wa kijiji kile kile anakochumia mtu, si wa kijiji cha mbali, na somo lake ni la misimu kadhaa, mmea ukionekana ukichipua, ukitoa maua na ukizaa. Tunda lililong'atwa na popo au mnyama huachwa. Chakula kipya, hata kilichothibitishwa, huliwa kidogo na mtu mzima mwenye afya kwanza, na mabaki yake mabichi, jani, gome au kiazi, huwekwa kando mpaka kesho yake. Mtu akiugua, asilazimishwe kutapika wala asipewe maziwa au mafuta kama dawa. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana kupata nafuu, pamoja na mabaki hayo yaliyofungwa kwenye jani la mangongo au karatasi, kwa sababu mfuko wa plastiki huyaozesha upesi, na anayemsindikiza aseme saa mgonjwa alipokula na saa dalili zilipoanza.